Mkia wa Yinmei

Hakuna mtu aliyetaka kutembea nyuma ya Yinmei. Njia ya kwenda uwanja wa ndege ilipita juu ya matuta ya mashamba ya mpunga, nyembamba, mtu nyuma ya mwenzake, na kila aliyejikuta nyuma yake alikumbuka ghafla kwamba kamba ya ndara yake imelegea. Akainama. Aliyekuwa nyuma yake naye akainama. Mwisho utakuta kijiji kizima cha Shuangtang kimeinama alfajiri kinafunga ndara. Mimi nilikuwa mvivu wa kuinama, kwa hiyo nyuma yake nilitembea mimi.

Walisema ana mkia. Kwetu mwenye mkia ni mtu anayefuatwa na kitu kisichoonekana, kinachomkanyaga kivuli na kumla kidogo kidogo kwa kumnyang'anya vile avipendavyo. Yinmei alikuwa mke wa shemeji yangu mdogo, na alishazika watoto wawili, wa kwanza kabla hajaota jino, wa pili kabla hajapewa jina. Mimi niliona maji ya kisima cha bondeni na homa. Mama mkwe wetu aliona mkia, na katika nyumba ya akina Liao macho yalikuwa ya mama mkwe peke yake.

Sasa Yinmei alikuwa na mimba ya tatu. Mama mkwe alimwita mbele ya meza ya mababu, akawasha udi, ili na waliokufa wasikie.

"Huyu naye akienda, na wewe unaenda," alimwambia. "Nitakurudisha kwenu na jogoo mmoja, wasije wakasema akina Liao ni wachoyo."

"Ndiyo, Mama," Yinmei alijibu.

Kwao hakukuwa na mtu wa kumpokea. Mama yake alikuwa kaburini, na baba yake alikuwa ameoa mwanamke aliyehesabu punje za wali. Mumewe alikuwa jeshini, kama mume wangu, kama kila mwanamume aliyekuwa na miguu miwili. Kwa hiyo mtoto yule wa tumboni alikuwa ndiye paa lake.

Jina langu ni Zhaodi, maana yake "mlete mdogo wa kiume." Baba alinipa jina hilo ili niite ndugu. Nikaita wasichana watupu, mmoja baada ya mwingine, mpaka baba akakata tamaa na majina. Nalisema hili ili ujue kwamba tangu nizaliwe sikuwahi kuwa na imani kubwa na mambo ya kuita na kufukuza vitu visivyoonekana.

Amri ya serikali ilikuwa kila nyumba itoe mtu mmoja kwenda kujenga uwanja wa ndege za Wamarekani. Nyumba yetu ilitoa wawili, kwa sababu mama mkwe hakutaka kushinda peke yake na mwenye mkia, hasa mwezi wa saba, mwezi ambao milango ya kuzimu huachwa wazi na wafu hutembea kutafuta chakula. Tulibeba wali wetu na pilipili za kuchachusha, tukaenda kuvuta jiwe.

Jiwe lilichongwa mviringo kutoka mlima wa Paka, refu kuliko mwanamume, na lilivutwa na watu wengi kiasi kwamba wa kamba ya mbele hawakuwajua wa kamba ya nyuma. Kazi yake ni kushindilia kokoto ziwe sakafu. Jiwe halina breki. Likishakwenda linakwenda, na aliyejikwaa mbele yake alibaki hapohapo, ndege zikatua juu yake. Maisha yetu yote yalikuwa mdomoni mwa Mjomba Pan, mdogo wake mama mkwe, aliyetembea kinyumenyume mbele ya kamba akituimbisha. Yeye ndiye aliyesema sasa vuta, sasa legeza, sasa acha. Na katikati ya kusema hayo alitusengenya mchana kweupe.

"Zhaodi wa Liao, mume kaenda wapi?"

"Hee-ya, vuta!"

"Kaenda kupigana na Mjapani!"

"Hee-ya, vuta!"

"Mjapani hana ulimi kama wa mkewe!"

"Hee-ya, vuta!"

Nilimrushia matusi, na jiwe likaenda. Yinmei alikuwa mtu ambaye watu hawakumtania. Mtu ukimwogopa humtanii. Lakini Mjomba Pan alimtania. "Yinmei mzigo mbele, jiwe nyuma, lipi zito?" akaimba siku moja, na Yinmei akacheka mpaka akalegeza kamba. Nilimpenda yule mzee kwa kicheko hicho kimoja. Meno yalikuwa yamemwisha, macho yalikuwa yameanza kuingia ukungu, lakini sauti yake ingeweza kuvuta mlima.

Kwenye kilele cha mlima wa Paka kulikuwa na mlingoti. Ukiona mpira mmoja mwekundu umepandishwa, ujue ndege za Wajapani zimetoka kiotani kwao. Miwili, zinakuja upande wetu. Mitatu, lala chini na umwite unayemwamini. Mpira mmoja hatukuujali tena. Tulivuta jiwe chini ya mpira mmoja kama watu wengine wanavyolima chini ya wingu.

Kilichowaudhi Wamarekani si Wajapani tu, bali na sisi. Ndege yao ilipoanza kukimbia ili iruke, na yale mapanga ya puani yakawa yanazunguka mpaka hayaonekani, ghafla mtu aliruka kutoka mtaroni na kukatiza mbele yake, karibu kabisa. Ukipita wewe, panga linakata kile kinachokufuata. Mwuza tofu wa kijiji cha Heping alifanya hivyo akapona kikohozi cha miaka. Mwingine alifanya akakatwa yeye, na watu wakasema alichelewa. Rubani mmoja alishuka akatapika pembeni mwa ndege yake, kisha akatupigia kelele mpaka shingo ikawa nyekundu. Baada ya hapo waliwekwa askari wa kutucharaza fito tukisogea.

"Dada," Yinmei aliniuliza tukiwa tunakula, "hivi mkia ukikatika, mtu anasikia?"

"Anasikia njaa. Kula."

"Mke wa mwuza tofu anasema ni kama kamba ya jiwe ikikatika. Unaanguka mbele, mwepesi."

"Yinmei, wewe unatembea hivi, kama bata aliyeshiba. Ile ndege itakuja, itakwenda, itarudi, wewe bado uko katikati unavuka."

Alitabasamu, akanipa pilipili zake, maana alijua nazipenda. "Nitakimbia," alisema. "Kwa ajili yake nitakimbia."

Nilimjua. Tangu siku ile sikumwachia nafasi, nikashika ncha ya mshipi wake kila ndege ilipounguruma. Wenzetu walinicheka wakasema Zhaodi amenunua mbuzi.

Siku yenyewe mipira ilipanda haraka mno. Mmoja, na kabla hatujageuza jiwe, miwili. Wamarekani walikimbilia ndege zao wengine wakiwa hawajavaa mashati. Askari wenye fito walikuwa wa kwanza kufika kwenye mashimo ya kujificha. Uwanja mzima ukawa hauna mlinzi, na ndege zinaanza kukimbia moja baada ya nyingine mbele yetu. Nilihisi mshipi ukinivuta.

"Niache, Dada."

"Sikuachi."

"Leo hakuna wa kunipiga. Niache."

"Nitakupiga mimi."

Alining'ata mkono. Nilimkumbatia kwa nyuma, tukaanguka wote kwenye matope ya mtaro, na ndege ya mwisho ikapita juu yetu ikatumwagia vumbi. Akalia kwa hasira, kilio cha mtu aliyeibiwa. Kisha mpira wa tatu ukapanda na hatukuwa tena na muda wa kugombana.

Sijui kueleza mabomu. Watu husema sauti, lakini mimi nakumbuka ardhi. Ardhi iliinuka ikanipiga tumboni, ikashuka, ikainuka tena, na kila ilipoinuka niliweka mkono wangu kati ya matope na tumbo la Yinmei, kana kwamba mkono ungesaidia. Mdomo ulijaa udongo. Niliomba kwa mababu wa akina Liao, ambao hawajawahi kunijibu, na kwa mababu wa baba yangu, ambao hawajawahi hata kunisikia.

Ziliondoka. Mlimani mipira ikashuka, ikabaki mmoja. Maofisa wakaanza kupiga filimbi na kutukana, kwa sababu ndege zetu zilikuwa angani na mafuta yakikaribia kwisha, na uwanja ulikuwa na mashimo. Shimo moja lingetosha kumwua rubani. Tukajaza. Mawe kwa vikapu, changarawe kwa nguo, udongo kwa mikono. Kisha tukafunga kamba tukavuta jiwe juu yake. Mjomba Pan hakuwa ameumia hata ukucha, na aliimba kwa sauti iliyopasuka. Yinmei alivuta mbele yangu bila kunitazama. Nikamwambia huenda mtoto amechoka, apumzike. Akasema mtoto ni wake.

Jua lilikuwa limeshuka upande wa mlima wa Paka tulipomaliza shimo la mwisho na kulifikisha jiwe ukingoni. Ndipo tuliposikia mngurumo. Ndege moja, chini sana, inatokea ndani ya jua. Watu wote walimtazama Mjomba Pan, maana ndiye tuliyezoea kumsikiliza. Aliweka kiganja juu ya macho yake yenye ukungu.

"Wetu hao," alisema. "Acheni kamba, tuwapishe. Kaeni mpumue, wanangu, mmefanya kazi."

Wakakaa. Mstari mzima wa watu, kwenye ukingo wa mtaro, miguu ikining'inia, wakitaka kuiona ikitua kwenye kazi ya mikono yao. Mtu aliomba tumbaku. Mjomba Pan akatoa kiko chake, akakiwasha, akavuta yeye kwanza.

Yinmei hakukaa. Alinigeukia akanitazama, kwa mara ya kwanza tangu mtaroni, na nikaona kwamba nilikuwa nimeachia mshipi ili nijifute jasho. Akakimbia.

Sikuwa nimejua kwamba mwanamke mwenye tumbo lile anaweza kukimbia vile. Nilimfuata. Nilikuwa nikimwita na kumtukana, na vumbi la mawe mapya likatupanda mpaka kiunoni. Katikati ya uwanja nikainua macho. Chini ya mabawa ya ile ndege niliona mipira miwili myekundu, na kwa akili ya kipumbavu inayomjia mtu wakati kama ule, nikadhani kuna mtu ameiteremsha kutoka mlimani akaitundika pale.

Halafu nikaelewa: ilikuwa alama ya Wajapani. Kivuli chake kilitupita juu, upepo ukaniangusha, na nikamwangukia Yinmei upande wa pili. Risasi hazikuja kwetu. Kwa nini ahangaike na wanawake wawili katikati ya uwanja, wakati ukingoni kuna mstari wa watu waliojipanga wenyewe? Alipita mara moja, akafuata mtaro kutoka mwanzo hadi mwisho, akainuka, akaenda zake.

Yinmei alijigeuza chini yangu. Uso wake ulikuwa umejaa vumbi na ulikuwa unang'aa.

"Dada, umekatika," alisema. "Nimeusikia. Kweli nimeanguka mbele, mwepesi."

Ndipo alipotazama ng'ambo.

Mjomba Pan alikuwa ameketi bado, ameegemea jiwe, na kiko kilikuwa bado kinatoa moshi mkononi mwake. Wengine sitawataja. Walikuwa watu ambao asubuhi walikuwa wameinama kufunga ndara. Yinmei alipiga magoti mbele ya yule mzee akajaribu kumfunga shati mahali lilipofunguka, kana kwamba ataona baridi. Hatukuruhusiwa kulia kwa muda mrefu. Ndege zetu zilikuja kweli, zikatua, na kulikuwa na mashimo mapya ya risasi ya kufukia. Tulivuta jiwe jioni ile bila mtu wa kuimba. Kamba moja ikivuta, nyingine inalegea, na jiwe likawa linakwenda upande.

Siku ya saba tangu kifo, tulipika wali kwa ajili ya roho yake na kuweka bakuli lake mezani, vijiti juu. Nyumba ilijaa. Mama mkwe alikuwa ameshikilia shati la mdogo wake, lile lile, amelifua mpaka limechujuka. Alikuwa hajalia. Nilimwogopa zaidi kwa kutokulia kwake.

"Nina swali," alisema, na watu wakaacha kutafuna. "Mkia ukikatwa, unaanguka wapi?"

Bibi Tang, jirani yetu, ambaye hajawahi kukosa neno, aliangalia bakuli lake.

"Hauendi mbinguni," mama mkwe aliendelea. "Hauingii ardhini. Kitu chenye njaa kikikatwa huku, kinamrukia aliye karibu. Huyu alikimbia mbele ya mapanga, akaukata mkia wake, akautupa juu ya ndugu yangu."

"Na juu ya mwanangu," alisema mtu nyuma.

"Watu waliokaa vizuri, wanapumzika," akasema Bibi Tang. Neno lilikuwa limempata. "Yeye apone, wao wafe. Inaingia akilini kweli?"

"Mama," Yinmei alisema, akapiga magoti. "Mama, mtoto yuko hai. Anacheza. Mguse."

"Kesho asubuhi uondoke. Sitaki uzae chini ya paa hili. Jogoo utapewa."

Barabara siku zile ilikuwa imejaa wakimbizi. Jeshi la Wajapani lilikuwa likiteremka kufuata reli, na watu walikufa kando ya njia wakiwa na viatu vizuri miguuni. Mwanamke mwenye mimba ya miezi minane, peke yake na jogoo, angefika kilima cha tatu. Kila aliyekuwa ndani ya chumba kile alilijua hilo, na Bibi Tang akaongeza wali kwenye bakuli lake.

Nilikuwa na ukweli mdomoni. Ukweli ni kwamba Mjomba Pan hakuona vizuri. Angesema "mtaroni," wangelala mtaroni. Alisema "kaeni," wakakaa. Lakini nilimtazama yule mama amelishika shati lile lililochujuka, nikajua kwamba nikisema hivyo mbele ya bakuli la marehemu tutatupwa nje wote wawili, na mkia utabaki palepale kwa Yinmei. La kuvunda halina ubani. Na yule mzee alikuwa ametuita "wanangu." Nikaumeza.

"Mkia ulikuwa wangu," nilisema.

Mama mkwe alinigeukia polepole. "Usinichezee leo, Zhaodi."

"Nani alikuwa anatembea nyuma ya Yinmei kila siku? Nyote mlikuwa mnafunga ndara. Mlichokuwa mnakiona nyuma yake ni mimi, na changu."

"Wewe hujazika mtoto."

"Sijazaa hata wa kuzika, Mama. Hujawahi kujiuliza nani anawala kabla hawajafika? Na mwanao, mume wangu, yuko wapi? Kuna mwenye habari zake? Mimi ndiye niliyekimbia. Yeye alinikimbilia anirudishe. Waulizeni walioona, kama katika lile vumbi mtu angeweza kujua nani yuko mbele."

Nilikuwa nimeanza kama mtu anayesema uongo, nikajikuta siwezi kunyamaza, kwa sababu kila neno nililosema lilikuwa limenilala moyoni miaka mingi nikilikataa. Nilisikia viti vinasogea. Nafasi karibu nami ikawa kubwa.

Yinmei aliinua uso akafungua mdomo. Nilimkazia macho kama unavyomkazia kuku anayetaka kuingia jikoni. Aliweka mkono tumboni, akaufumba mdomo, akatazama chini. Sikumlaumu. Nilimlaumu baadaye, wakati wa baridi, kidogo.

"Basi utaondoka wewe," mama mkwe alisema. Ndipo alipolia.

Nilihamia kwenye kibanda cha kukamulia mafuta ya mbegu za chai, nje ya kijiji, ambako paa lilikuwa upande mmoja tu. Jogoo sikupewa. Haukupita muda Wamarekani wakachoma maghala yao wakaenda, na tukaamriwa kuuchimbua uwanja wote ili adui asiutumie. Shimo baada ya shimo tuliloshindilia kwa maisha ya watu tulilifukua wenyewe. Nilichimba peke yangu, pembeni, na jiwe likaachwa palepale ukingoni.

Wajapani walipofika, kijiji kilikimbilia mapango ya mlima wa Paka. Hawakuniruhusu kuingia. Nilikaa chini ya mwamba nje ya mlango wa pango, na hapo ndipo nilipomsikia Yinmei akihangaika kutwa nzima, na nikawa nasukuma naye, meno yamekazana, mpaka nikasikia sauti nyembamba yenye hasira. Mama mkwe alitoka akasimama mbali, akazungumza na mwamba ulio juu ya kichwa changu.

"Wa kiume," alisema. "Usisogee."

Walimwita Shigun, jina la lile jiwe la kushindilia, ili awe mzito na asiwepo wa kumbeba. Ikafaa. Aliota meno, akatembea, akavunja vyungu. Vita vilipokwisha, baba yake alirudi na mguu mmoja. Wangu hakurudi, na kila mwaka ambao hakurudi ulithibitisha maneno yangu. Watu walikumbuka hata kwamba siku zote walinishuku.

Yinmei alikuwa akiniachia viazi vitamu kwenye kisiki karibu na kibanda, na mara nyingine pilipili. Hakuwahi kungoja nitoke. Nilikula viazi vyake nikiwa na hasira, nikavimaliza.

Watoto wa Shuangtang walijifunza kunikwepa kabla hawajajifunza kuhesabu. Wakikutana nami njiani walinipisha, kisha wakangoja mkokoteni wa nyati wakatize mbele yake, mkia wangu usije ukawaganda. Nyati hana haraka, kwa hiyo ilikuwa mchezo tu. Lakini ikaja barabara mpya, iliyopita juu ya uwanja wa zamani, na pamoja nayo malori ya chokaa.

Shigun alikuwa mkubwa wa kutosha kuchunga bata siku niliyokutana naye pale, karibu na jiwe. Mimi nilikuwa natoka mlimani na mzigo wa kuni. Alinipisha kwa adabu, akainamisha kichwa. Nikapita. Nikasikia lori, nikasikia nyayo ndogo zikikimbia, na nikageuka nikiwa nimeshachelewa kama nilivyochelewa siku ile nyingine. Alikatiza mbele ya pua ya lori, karibu kabisa. Breki zikalia. Dereva alitoa kichwa dirishani.

"Una wazimu, mtoto wewe? Nani mama yako?"

Mama yake alikuwa ng'ambo, na vikapu vya viazi. Alivitupa. Alimkamata mtoto, akampapasa kichwa, mbavu, miguu, kisha akampiga kofi lililosikika mpaka kwa bata.

"Nani kakufundisha?"

"Bibi wa nyumbani," Shigun alisema, akilia. "Yule ana mkia. Alimwua Mjomba Pan. Watu wote wanajua."

Lori likaondoka. Tulibaki watatu barabarani, na viazi. Yinmei alinitazama, na mimi nikatazama kuni zangu, maana nilihofia kwamba akisema chochote, nitasema yote. Sikuwa tena na nguvu za kumkazia mtu macho. Nikageuka nikaanza kutembea kuelekea kibandani.

Nilikuwa nimezoea ukimya nyuma yangu. Kwa hiyo niliposikia hatua nilidhani ni masikio. Zilikuwa hatua za mtu mzima anayetembea kama bata aliyeshiba, na za mtoto anayeburutwa. Sikugeuka. Tulipita mbele ya nyumba ya Bibi Tang, aliyekuwa mlangoni akichambua mboga, na akaacha kuchambua. Tulipita mbele ya nyumba ya akina Liao, mlango wazi, mama mkwe ameketi ndani. Hatua hazikuacha kunifuata.

"Mama," Shigun alinong'ona, kwa mnong'ono wa watoto unaosikika kijiji kizima. "Mkia wake uko wapi? Mbona siuoni?"

"Ni sisi," Yinmei alisema. "Tembea."

Nikahamishia kuni bega la pili, nikaendelea.